Uzoefu, uzoefu, uzoefu! Hivi nani hasa anastahili jezi ya taifa ya Kanada?

Leo naomba tutoke kidogo kwenye siasa na bei ya mafuta, twende barafuni. Najua wengine mtaguna, "huyu naye, Dar joto hivi anatuletea habari za barafu." Vumilieni. Mada yenyewe inahusu hoki ya barafu ya Kanada, lakini mkifika mwisho mtaona inawagusa hata nyie mnaozunguka na bahasha za vyeti kutafuta ajira.

Mimi mchezo huu nilianza kuufuata kwa sababu ya binamu yangu aliyeko Edmonton. Yeye kule ni kama sisi huku na Simba na Yanga, halali. Akaanza kunitumia video, mimi nikaanza kusoma, nikanogewa. Na nilichogundua ni kwamba Wakanada wanaweza kusameheana kodi, theluji na wanasiasa wabovu, lakini siku kikosi cha taifa cha hoki kinapotangazwa kila mtu anakuwa kocha. Kuanzia wauza kahawa mpaka wabunge.

Februari 2026 Olimpiki ya majira ya baridi ilirudi Italia, safari hii Milano na Cortina, na wachezaji wa NHL wakarudi Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu 2014. NHL ndiyo ligi kuu ya Marekani na Kanada, yenye wachezaji bora duniani. Mjadala ukawaka upya. Kwa nini fulani yumo? Kwa nini fulani kaachwa? Macklin Celebrini, kijana wa miaka 19, kachukuliwa. Connor Bedard, kijana mwingine aliyesemwa sana tangu akiwa mdogo, kaachwa. Na jina la Sidney Crosby, mzee wa miaka 38, lilitangazwa mapema kabisa, Juni 2025, kwenye orodha ya kwanza ya watu sita.

Sasa hapo kwenye jina la Crosby ndipo nataka tusimame. Kwa sababu miaka 20 kabla ya hapo, Italia hiyohiyo, mjini Torino, Kanada walimwacha huyohuyo nyumbani. Sababu? Eti mdogo. Eti hana uzoefu.

TURUDI NYUMA KIDOGO

Wakati huo mimi hata shule nilikuwa sijaanza, kwa hiyo haya nimeyasoma na kuyatazama baadaye. Tarehe 21 Desemba 2005 Kanada walitangaza kikosi cha Torino. Aliyekuwa juu ya yote ni Wayne Gretzky. Kwa wasiomjua, Gretzky kwenye hoki ni kama Pelé kwenye soka, rekodi zake nyingine mpaka leo hazijaguswa. Kocha alikuwa Pat Quinn. Hao wawili ndio waliowapa Kanada dhahabu ya 2002 kule Salt Lake City, dhahabu ya kwanza baada ya miaka 50. Mwaka 2004 wakachukua na Kombe la Dunia la hoki kwa kuifunga Ufini 3-2. Kwa hiyo walikuwa na haki ya kuaminiwa, tusiwaonee.

Crosby alikuwa na miaka 18, msimu wake wa kwanza NHL na timu ya Pittsburgh. Akaachwa. Hata kwenye wachezaji wa akiba hakuwekwa. Wa akiba waliwekwa vijana wengine waliokuwa moto msimu ule, Eric Staal na Jason Spezza. Yaani vijana waliokuwa wanafunga kila wiki walikuwa wa kukaa pembeni, wakati kuna watu walipewa jezi kwa sababu ya walichokifanya miaka miwili au minne nyuma.

Mmoja wa waliopewa jezi ni Todd Bertuzzi. Huyu jamaa hadithi yake inabidi niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo inayonikera kuliko zote.

Tarehe 8 Machi 2004, kwenye mechi ya ligi mjini Vancouver, Bertuzzi alimfuata mchezaji wa Colorado aitwaye Steve Moore kwa nyuma, akampiga ngumi ya kichwa na kuanguka naye usouso kwenye barafu. Moore alivunjika mifupa ya shingo. Hakucheza tena NHL maisha yake yote. Bertuzzi alifungiwa, akapelekwa mahakamani, Desemba 2004 akakiri kosa la shambulio la kudhuru mwili, akapewa adhabu nyepesi bila kwenda jela. Agosti 2005 akaruhusiwa kurudi kucheza. Miezi minne baadaye jina lake likasomwa kwenye kikosi cha taifa. Kesi ya madai ya Moore ilikuja kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, miaka kumi baada ya tukio.

Mimi sisemi mtu akikosea asisamehewe. Adhabu yake aliimaliza, kurudi kazini kwake ilikuwa haki yake. Lakini kuvaa jezi ya taifa ni haki ya mtu, au ni heshima anayopewa? Kama ni heshima, basi wanaoitoa wanatuambia wao wanaheshimu nini. Kijana wa miaka 18 aliyekuwa na kosa moja tu, la kuzaliwa mwaka 1987, aliambiwa asubiri. Na mtu mzima ambaye mwenzake alikuwa bado anauguza shingo aliambiwa karibu.

KILICHOTOKEA TORINO

Wadau, kilichotokea ni aibu. Walianza vizuri kwa kuwafunga Italia 7-2 na Ujerumani 5-1. Baada ya hapo wakakutana na Uswisi. Uswisi jamani! Kwenye hoki kumfunga Kanada kwa Mswisi wa wakati ule ilikuwa kama sisi kumfunga Brazil. Wakafungwa 2-0. Na magoli yote mawili alifunga Paul DiPietro, mzaliwa wa Ontario, Mkanada kabisa, ambaye aliwahi kubeba Kombe la Stanley na Montreal mwaka 1993, kisha akahamia kucheza Uswisi na kuichezea timu ya nchi hiyo. Golikipa wa Uswisi, Martin Gerber, aliokoa mashuti 49.

Mechi iliyofuata na Ufini, 2-0 tena. Wakawashinda Wacheki 3-2 kwa taabu. Robo fainali na Urusi, 2-0 tena! Mechi sita, tatu bila goli hata moja. Timu yenye majina makubwa kuliko zote duniani ikamaliza nafasi ya saba.

Sasa sikilizeni goli la kwanza la Urusi lilivyoingia. Kwenye hoki mchezaji akifanya faulo anakaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili na timu yake inabaki pungufu. Aliyekuwa kakaa kibandani ni Bertuzzi. Aliyefunga ni Alexander Ovechkin, kijana wa miaka 20, aliyekuwa msimu wake wa kwanza NHL sawa kabisa na Crosby. Na Ovechkin hakuwa peke yake, Warusi walikwenda pia na Evgeni Malkin wa miaka 19, ambaye wakati huo alikuwa hata NHL hajafika. Bertuzzi alimaliza mashindano bila kufunga hata goli moja.

Mtu angeandika hivyo kwenye filamu tungesema katia chumvi.

Na Crosby? Alimaliza msimu ule na pointi 102, magoli 39 na pasi za magoli 63. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2006 akaitwa kwenye ubingwa wa dunia kule Riga, Latvia, kwenye barafu pana ya Ulaya waliyosema ingemsumbua. Mechi 9, magoli 8, pasi za magoli 8. Akawa mfungaji bora wa mashindano akiwa na miaka 18, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kushika nafasi hiyo. Miezi mitatu tu baada ya Torino! Hakukua ghafla kwenye miezi mitatu. Uwezo alikuwa nao tangu Desemba, macho ya waliochagua ndiyo hayakuwepo.

Miaka minne baadaye, tarehe 28 Februari 2010, Vancouver, fainali na Marekani, 2-2, muda wa nyongeza. Nani alifunga goli la dhahabu? Mnajua wenyewe.

LAKINI TUWATENDEE HAKI WAZEE

Sitaki mtu aje kusema nimeandika kwa hasira za ujana. Tuwasikilize na upande wa pili.

Kwanza, kuchagua kikosi cha hoki ni kazi ngumu kuliko soka. Hoki wachezaji wanaingia na kutoka kila baada ya sekunde 45 hivi, kwa mafungu. Kuna mistari minne ya washambuliaji watatu watatu, na jozi tatu za walinzi. Ukichukua washambuliaji kumi na wawili ambao kila mmoja amezoea kuwa mfalme kwenye klabu yake, nani atakaba? Nani atazuia shuti kwa mwili? Nani atakubali kucheza dakika nane wakati nyumbani anacheza ishirini? Kwa hiyo Gretzky alipomchukua Kris Draper wa miaka 34, mtu wa kazi ngumu zisizoonekana, hakuwa mwendawazimu. Timu haiwezi kuwa wapishi watupu, wa kuosha vyombo lazima awepo.

Pili, mfano wa Marekani 1980. Kocha Herb Brooks alikwenda na wanafunzi wa vyuo, akawaacha wenye majina, wakawafunga Wasovieti 4-3 na kuchukua dhahabu. Tisa kati ya wale ishirini walitoka chuo kikuu cha Minnesota alichokuwa anafundisha yeye mwenyewe! Leo hii tungeita upendeleo. Lakini alikuwa anawajua, na alijua nani anaendana na nani. Na Brooks mwenyewe maumivu ya kuachwa alikuwa anayafahamu. Mwaka 1960 alikuwa mtu wa mwisho kukatwa kwenye kikosi cha Marekani, kikosi ambacho kilikwenda kuchukua dhahabu bila yeye.

Tatu, mwaka 2014 Kanada walimchukua Chris Kunitz kwenda Sochi. Watu walichachamaa. Walisema kachukuliwa kwa sababu tu anacheza mstari mmoja na Crosby kule Pittsburgh. Wakati huohuo Martin St. Louis, mfungaji bora wa NHL wa 2013, akaachwa, na aliyemwacha ni Steve Yzerman, ambaye ndiye alikuwa meneja mkuu wa klabu yake ya Tampa Bay! Yaani bosi wako wa kazini anawaambia watu wote kwamba hufai. St. Louis aliingia baadaye kwa sababu Steven Stamkos hakupona mguu aliovunjika. Akaenda, akapata dhahabu, akarudi, na mwezi Machi akauzwa New York kwa kuomba mwenyewe. Uhusiano ulikuwa umeshakufa. Lakini matokeo yalimpa nani haki? Kanada ya Sochi ilifungwa magoli matatu tu kwenye mechi sita. Fainali 3-0 na Sweden. Goli la tatu alifunga nani? Kunitz. St. Louis hakupata goli wala pasi ya goli.

Kwa hiyo nakubali, namba peke yake hazichagui timu. Nakubali kabisa.

TATIZO LIKO WAPI BASI?

Kwa mtazamo wangu tatizo la Torino halikuwa kuchagua "timu" badala ya "nyota". Yzerman 2014 alichagua kwa ajili ya kazi iliyopo mbele, barafu pana, mechi chache, kukaba na kumiliki mchezo. Gretzky 2006 alichagua kwa ajili ya kazi iliyokwisha. Hizo ni falsafa mbili tofauti hata kama zote zinaitwa "uzoefu".

Uzoefu wa kweli ni kitu mtu alichojifunza na anaweza kukitumia kesho asubuhi. Uzoefu wa bandia ni shukrani. "Huyu alitusaidia 2002, tutamwachaje?" Shukrani ni jambo jema, mfanyie mtu sherehe, mpe saa ya ukutani, taja uwanja kwa jina lake. Usimpe namba ya mtu anayekimbia kuliko yeye.

Na kuna mtu alilielewa hili kuliko wachaguaji wenyewe. Huyohuyo Yzerman, mwaka 2005, akiwa na miaka 40 na jina kubwa kama mlima, aliomba mwenyewe asifikiriwe kwa ajili ya Torino. Hakusubiri aambiwe. Nadhani siyo bahati kwamba huyo ndiye aliyekuja kusimamia dhahabu za 2010 na 2014. Mtu aliyejua kujiondoa ndiye anayejua kuchagua. Na 2010 alimchukua Drew Doughty, beki wa miaka 20, mbele ya watu wazima wenye majina. Kijana alicheza kama mzee.

Turudi pia 2002, timu ya Gretzky huyohuyo. Kambi ya majira ya joto ya 2001 kule Calgary, Jarome Iginla hakuwemo kwenye walioalikwa. Mchezaji mmoja akaumia, Iginla akapigiwa simu dakika za mwisho, mwenyewe akadhani wenzake wanamtania. Akaenda, wakamuona. Msimu ulipoanza akawa anafunga kuliko mtu yeyote, na alimaliza na magoli 52. Wakamchukua. Fainali na Marekani, 5-2, Iginla kafunga mawili. Baba yake anatoka Nigeria, na Iginla akawa mwanaume mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki ya majira ya baridi. Na lile goli la Crosby la 2010, pasi alitoa nani? Iginla!

Hebu fikirini. Kama yule mtu asingeumia, simu isingepigwa. Ni wangapi ambao simu haikupigwa? Hilo ndilo swali langu la msingi kwenye mada hii. Anayeachwa haandikwi kwenye matokeo. Hakuna ubao wa magoli unaoonyesha aliyekuwa nyumbani angefanya nini. Ndiyo maana wachaguaji wanaweza kukosea miaka na miaka bila mtu kuwadai, mpaka itokee Torino.

MAMBO YA CHUMBANI

Jingine ni usiri. Kikosi kinapangwa chumbani, kinatoka kama amri ya mfalme. Wamarekani kuelekea Sochi walifanya kitu cha ajabu, waliruhusu waandishi wachache wakae kwenye vikao na kuandika baadaye. Yakatoka mambo. Bobby Ryan, mfungaji mzuri tu, alikatwa kwa sababu baadhi ya viongozi walimwona hana moto wa kutosha, na Brian Burke aliyasema hayo kwa maneno makali sana ambayo dunia nzima iliyasoma. Ryan aliumia na alisema wazi kwamba ameumia. Wengi walilaumu waandishi. Mimi naona tofauti. Ni vibaya kumtukana mtu, ndiyo, lakini angalau Ryan alijua kaachwa kwa nini. Wangapi wanaachwa bila kujua?

Halafu kuna P.K. Subban wa Kanada, beki bora wa NHL wa 2013, mtoto wa wazazi waliotoka visiwa vya Karibi. Mwaka 2014 wakamchukua kwenda Sochi, wakamchezesha mechi moja tu. Kwenye karatasi alichaguliwa, barafuni hakuchaguliwa. Sitasema sababu ni rangi, sina ushahidi, na timu ilishinda bila yeye. Ninachosema ni kwamba chumba kikiwa na giza, kila mtu atajaza giza hilo kwa anachokihisi. Wadau wa Bongo mnakumbuka enzi za Maximo na Juma Kaseja, tulivyogombana miaka na miaka kuhusu golikipa mmoja. Kaseja ana tatizo gani na kocha? Kila kijiwe kilikuwa na jibu lake. Laiti tungeelezwa vizuri, tungepumzika mapema.

KWA NINI NIMEANDIKA HAYA

Nimemaliza kidato cha nne. Sikuendelea, si kwa kupenda. Naandika vipande vipande, anayelipa analipa, asiyelipa anasema "tutakutafuta". Kila tangazo la kazi ninalofungua linataka uzoefu wa miaka mitatu, mitano. Niliwahi kupeleka maandiko yangu sehemu fulani, wakayasifu, halafu wakauliza nina uzoefu gani. Jamani, si mmeshayasoma? Uzoefu ndio huo mlioshika mkononi!

Kwa hiyo nikisoma habari za kijana wa miaka 18 mwenye magoli mkononi anaambiwa zamu yake bado, siisomi kama habari ya barafu. Crosby alikuwa na bahati, kipaji chake kilikuwa kikubwa mno kufichika, miaka minne akarudi na dunia ikamuona. Wengi wetu miaka minne ikipita hivihivi tunakuwa tumeshakata tamaa na kufanya kitu kingine. Nchi inayowaambia vijana wasubiri inadhani inaweka akiba. Kumbe inaachia maziwa juani.

Na hili la hoki siyo la Wazungu peke yao tena. Pale Nairobi, kwenye hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu tangu 2005. Ni mdogo kuliko uwanja rasmi, lakini vijana walianza hapohapo, wakajiita Ice Lions. Walikuwa hawana hata timu ya kucheza nayo, wanagawana tu wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka kule, wakavalishwa vifaa kamili na kucheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Na walioingia kuwasaidia barafuni wakiwa wamevaa jezi ya Kenya ni Nathan MacKinnon na... Sidney Crosby! Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la hoki ya barafu duniani.

Maana yake ni kwamba suala la nani avae jezi ya taifa limefika Afrika Mashariki pia. Leo wachezaji ni wachache na wanajuana. Kesho watakuwa wengi, pesa zitaingia, safari zitaingia, na pale ndipo wajomba na mashemeji huwa wanaanza kujua kuteleza. Ndugu zetu wa Kenya, wekeni utaratibu sasa hivi wakati hakuna cha kugombania.

NAPENDEKEZA HIVI

Kwanza, majina yasitangazwe mapema mno. Ile ya kutaja watu sita Juni kwa mashindano ya Februari inawapa wengine kiti kabla msimu haujaanza. Crosby wa 2025 anastahili, sibishi, lakini kanuni haitungwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Pili, kila kikosi kiwe na nafasi mbili angalau ambazo zinajazwa kwa kiwango cha miezi mitatu ya mwisho tu, bila kuangalia umri wala jina. Kikosi cha siku hizi kina watu 25 na wanaovaa kwa mechi ni 22. Nafasi mbili haziwezi kuvunja nyumba.

Tatu, anayechagua aseme sababu hadharani kwa kila aliyeachwa ambaye watu wanamuuliza. Siyo kwa matusi. Sentensi mbili zinatosha.

Nne, mwenendo uhesabiwe. Aliyemvunja mwenzake shingo anaweza kusamehewa na sheria na kurudi kwenye klabu yake, lakini jezi ya taifa iwe ya mwisho kurudi.

Najua wapo watakaosema hata Crosby angekwenda Torino wasingeshinda. Beki wao mkubwa Scott Niedermayer alikuwa majeruhi, Gerber alikuwa ukuta, barafu ilikuwa pana. Inawezekana kabisa. Mtu mmoja siyo timu. Lakini kati ya kushindwa ukiwa umempa nafasi anayestahili na kushindwa ukiwa umemwacha nyumbani, kuna tofauti kubwa. La kwanza unalala na kujaribu tena. La pili unaulizwa miaka ishirini baadaye na kijana wa Dar es Salaam ambaye barafu anaijua ya kwenye jagi la juisi.

Naomba kuwasilisha. Hasa wadau mlioko Kanada, tupeni za huko, na kama kuna anayeona Bertuzzi alistahili aje na hoja, matusi abaki nayo mwenyewe.